Kampuni ya boila imenifungia mtambo wa kilowati 35 bila kupima hata chumba kimoja (Leicester, Uingereza)

Ndugu wanajamvi, hasa ninyi mnaoishi Uingereza na wale mnaojiandaa kuhamia huku,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kampuni iliyonifungia mfumo wa kupasha nyumba joto imelipwa fedha yake yote, zaidi ya pauni 2,000, ikaondoka na kuniachia nyumba ambayo vyumba vya juu vina joto la kukosesha usingizi huku sebuleni watu wakikaa na makoti. Kila nikipiga simu najibiwa kwamba boila ni mpya, ina dhamana ya miaka 10, na kwa hiyo haiwezi kuwa na tatizo. Jina lao silitaji kwa sababu malalamiko yangu rasmi bado hayajajibiwa. Isitoshe, nikisikiliza yaliyowapata majirani, naona hata ningeita kampuni nyingine ya mtaani kwetu mambo yangekuwa hayo hayo. Ninacholalamikia ni desturi nzima ya biashara hii: fundi anaingia, anautazama ukuta, anauliza nyumba ina vyumba vingapi vya kulala, kisha anataja bei. Nyumba yenyewe haipimwi.

Kwa ambao hamjaishi kwenye baridi ya huku, nyumba nyingi hupata joto kutokana na maji. Boila ya gesi huyapasha, pampu huyasukuma kwenye mabomba hadi kwenye rejeta zilizofungwa ukutani, na yakishatoa joto lake hurudi kwenye boila kupashwa upya. Aina inayofungwa sana siku hizi ni kombi, ambayo mbali na kuhudumia rejeta hutoa pia maji ya moto ya kuogea papo kwa papo, bila tangi la kuyahifadhi.

Boila yangu ya zamani ilikuwa na dalili moja tu. Ikiwa imepoa, geji yake ya presha ya maji ilisoma kidogo juu ya bar 1, jambo ambalo ni sawa kabisa. Ikiwaka, mshale ulipanda hadi kugusa 3, na hapo kibomba cha shaba kinachotokeza nje ya ukuta kilianza kumwaga maji uani. Ikipoa tena, mshale ulianguka hadi sifuri na boila ikagoma kuwaka mpaka iongezwe maji. Dalili hiyo imeelezwa karibu katika kila kitabu cha maelekezo ya boila. Maji yakipata moto hutanuka, na ndani ya boila mna tangi dogo, aghalabu jekundu, lililogawanywa na kiwambo cha mpira: upande mmoja maji, upande wa pili hewa. Hewa ile ikivuja, maji yanayotanuka hukosa pa kwenda, presha hupanda, na vali ya usalama hufunguka kuyatoa nje. Tangi hilo lina kivali kama cha tairi la gari. Fundi hukibonyeza: yakitoka maji, kiwambo kimepasuka na tangi libadilishwe, isipotoka kitu, linajazwa upepo na kuangaliwa kama linaushika.

Fundi wa kampuni hakukigusa kivali hicho. Alisoma mwaka wa kutengenezwa ulioandikwa kwenye kibao, akatikisa kichwa, akasema boila imekwisha muda wake na vipuri vyake ni vya kutafuta kwa tochi. Walipofunga mpya waliiacha ile ya zamani uani wakiahidi kurudi kuichukua, na ikawa nafasi nzuri ya kuitazama. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, fundi mstaafu, aliufungua mfuniko wake, akakibonyeza kivali kwa ncha ya bisibisi, na hapakutoka chochote. Akalijaza tangi upepo kwa pampu ya baiskeli na kuniambia nilipime kesho yake. Upepo ulikuwa umekaa vilevile, yaani tangi lilikuwa zima na lilihitaji kujazwa upepo tu.

Ingekuwa ni fedha tu zilizopotea ningenyamaza, lakini boila mpya nayo wameiunganisha na uchafu wa zamani. Kila mara mfumo unapoongezewa maji mapya huingia na oksijeni, na oksijeni hutia kutu rejeta za chuma kwa ndani. Kutu hiyo huwa tope jeusi linalotua chini ya rejeta na kuziba njia nyembamba za kibadilisha joto ndani ya boila. Kwenye makadirio yao waliandika kwa maandishi kwamba mfumo utasafishwa, utiwe dawa ya kuzuia kutu na kufungwa chujio la sumaku. Chujio lipo. Kuhusu usafishaji, nilifungua skrubu ya kutolea hewa kwenye rejeta ya sebuleni, nikakinga maji kwenye glasi, yakatoka meusi. Nilipopitisha sumaku ya mlango wa friji nje ya glasi, chembe zote zilihamia upande wa sumaku. Hayo ni maji ya mfumo wanaodai kuwa wameuosha.

Sasa ukubwa wa boila. Wamenifungia ya kilowati 35. Nimekaa na kalamu, nikakokotoa kila chumba: eneo la kuta, madirisha, dari, sakafu, hewa inayopenya, kwa hali ya nje ya nyuzi 3 hivi chini ya sifuri na sebule ya nyuzi 21. Nyumba hii ya vyumba vitatu, iliyobanwa na majirani pande zote mbili na yenye sufi nene darini, haifikii hata kilowati 8. Msimamizi wao aliponijibu alisema kwamba ukubwa ule ni kwa ajili ya maji ya kuoga, na hilo lina ukweli wake: kupasha lita 12 kwa dakika kutoka nyuzi 10 hadi 45 kunahitaji karibu kilowati 29, kwa hiyo kombi haiwezi kuwa ndogo sana. Lakini ndani ya boila hizi kuna mpangilio unaoruhusu nguvu ya upande wa rejeta ishushwe bila kugusa upande wa maji ya kuoga, na wameuacha vilevile ulivyotoka kiwandani. Aidha, kila boila ina kiwango cha chini ambacho haiwezi kushuka zaidi. Siku isiyo na baridi kali, nyumba inapohitaji kilowati 3 na boila haishuki chini ya 7, inawaka, inafikia joto, inazima, na baada ya muda mfupi inawaka tena, mchana kutwa. Kiwango hicho cha chini ndicho kinachostahili kuulizwa kwanza na mnunuzi, nami sijakiona kimeandikwa katika tangazo hata moja.

Joto la maji nalo limewekwa nyuzi 75. Boila za kupoza moshi (kwa Kiingereza condensing), kama hii yangu, ambazo kwa England na Wales zimekuwa za lazima tangu 2005 isipokuwa kwa nyumba chache zenye udhuru, hupata ufanisi wake kwa kuupoza moshi mpaka mvuke uliomo ugeuke maji na kuliachia joto lake. Ili hilo litokee vizuri, maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta lazima yawe chini ya nyuzi 55 hivi, na kadiri yanavyozidi kupoa ndivyo faida inavyoongezeka. Kwangu yanarudi yakiwa na nyuzi 65. Nimelipia ufanisi uliochapishwa kwenye kibandiko, nao unatoka nje kupitia bomba la moshi. Niliposhusha hadi 55 mimi mwenyewe, vyumba vya juu vilibaki na joto la kutosha, lakini sebule ikazidi kupoa, kwa sababu rejeta hazikusawazishwa. Kila rejeta ina vali ya pili upande wa pili, iliyofunikwa kwa kofia ya plastiki, na kazi ya fundi ni kuzibana zile za karibu na pampu ili maji yafike za mbali. Kofia za kwangu zilikuwa bado zimegandishwa kwa rangi ya mwenye nyumba aliyetangulia. Hakuna mkono uliozigusa.

Mniruhusu nichepuke kidogo, maana wengi hutozwa ada ya fundi kwa mambo ya kujitazamia wenyewe. Rejeta iliyo baridi juu na moto chini ina hewa. Iliyo moto juu na baridi chini ina tope. Ikipoa moja tu huku nyingine zote zikiwa moto, fungua kichwa cha vali yake ya joto utazame kama kipini kilicho chini yake kimekwama. Rejeta zikipata moto pale tu mtu anapofungua bomba la kuogea, shida iko kwenye vali ya kugawa maji ndani ya boila, na hapo ndipo pa kumwita fundi.

Halafu ikaja Januari. Yale maji yanayotokana na mvuke wa moshi wa boila hutoka kwa bomba la plastiki, na la kwangu wamelipitisha nje, ukuta wa kaskazini, likiwa jembamba la milimita 21.5, karibu limelala sawa na ardhi, bila kihami joto. Kanuni inayojulikana ni kwamba likipita nje liwe pana, angalau milimita 30 kwa ndani, lifunikwe, lielekee chini, na liwe fupi iwezekanavyo. Usiku wa barafu boila ilitoa mlio wa gulugulu, ikaandika namba ya hitilafu na kuzima. Kampuni ikanitoza ada ya kuja, na fundi wao alichofanya ni kumwagia bomba maji ya uvuguvugu, kisha akabonyeza kitufe cha kuwasha upya. Wameniuzia kosa, kisha wameniuzia na kulirekebisha kwa muda.

Najua kuna watakaouliza kama fundi alikuwa na kadi. Alikuwa nayo. Ni kweli kwamba hakuna anayeruhusiwa kugusa gesi ya nyumbani bila kusajiliwa na Gas Safe Register, chombo kilichochukua nafasi ya CORGI mwaka 2009, na nyuma ya kadi huandikwa kazi ambazo mwenyewe anaruhusiwa kuzifanya. Msije mkamtumia jamaa wa jumuiya eti kwa sababu anawapunguzia bei. Kaboni monoksaidi haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala. Ila tambueni kwamba kadi inahusu usalama wa gesi. Haithibitishi kwamba fundi anajua kukokotoa joto la nyumba wala kusawazisha rejeta.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kupima kunawezekana pale wanapolazimishwa. Anayetaka ruzuku ya serikali ya pauni 7,500 kwa pampu ya joto, huku England na Wales, lazima afungiwe na kampuni yenye cheti cha MCS (mpango wa kuthibitisha ubora wa wafungaji), na kampuni hiyo inatakiwa kukokotoa upotevu wa joto chumba kwa chumba. Kwa boila, wanakisia. Na wale wanaokimbilia hita za umeme zinazotangazwa kwenye makundi ya WhatsApp kuwa za mawe maalumu au teknolojia ya Ujerumani wajue kwamba yuniti moja ya umeme hutoa yuniti moja ya joto, iwe hita ni ya pauni 20 au 800, na huku yuniti ya umeme hugharimu takriban mara nne ya ile ya gesi. Pampu ya joto ndiyo pekee inayokwepa hesabu hiyo, kwa kuwa huvuta joto kutoka nje na iliyofungwa vizuri hutoa yuniti 3 au zaidi kwa kila moja inayotumia.

Nimeshawaandikia kampuni nikitegemea sheria ya haki za walaji ya 2015, inayotaka huduma itolewe kwa uangalifu na ustadi wa kuridhisha, na inayonipa haki ya kudai kazi irudiwe au bei ipunguzwe. Ninadai mfumo uoshwe, rejeta zisawazishwe, nguvu ya boila ishushwe, bomba la nje libadilishwe, na kijitabu cha uzinduzi, ambamo fundi huandika vipimo vya boila anapoiwasha mara ya kwanza, kijazwe. Hicho kijitabu ndicho ambacho mtengenezaji hukidai kwanza mtu anapotumia dhamana, na cha kwangu kimeachwa kitupu, isipokuwa sahihi. Kwa kuwa nililipa kwa kadi ya mkopo, nimewaandikia na benki pia, maana kwa sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, wanawajibika pamoja na muuzaji.

Wasiponijibu nitakwenda kwenye mahakama ya madai madogo. Kwa waliokwisha kupita njia hiyo, naomba mnieleze: ripoti ya fundi huru mliilipia wenyewe kwanza, na gharama yake mlirudishiwa? Na kama kuna anayemfahamu fundi wa Leicester au Loughborough anayekuja na kifaa cha kupimia kabla ya kutaja bei, tafadhali anitumie ujumbe wa faragha.