Gugumaji limenijazia kidimbwi. Nilitupe wapi?

Mama Kidimbwi, Jamhuri
Jamani nisaidieni. Mwaka jana nilinunua miche mitatu kwa wauza miche wa Barabara ya Ngong, shilingi 50 mmoja. Kijana akaniapia ni yungiyungi la buluu. Ua lenyewe zuri, sikatai: zambarau hafifu, petali ya juu ina doa la njano kama jicho la tausi. Sasa maji siyaoni na samaki wawili wameelea tumbo juu. Jumamosi nimeopoa nusu tu, magunia manne, nikalowa mpaka sketi. Anayenisaidia shambani anasema tumwage kwenye mtaro wa nyuma, mvua itabeba. Mtaro huo unaishia Mto Motoine. Roho inasita.

Mzee wa Lang'ata
Sikiliza hiyo roho, mama. Motoine ndio unaoingia Nairobi Dam. Bwawa hilo lilijengwa 1953, na mimi nimeona mashua za tanga pale. Leo mgeni akipita anadhani ni shamba la mtu. (Na maji taka yetu ndiyo mbolea yake, tusilisingizie gugu peke yake.) Ukitoka bwawani ni Mto Ngong, halafu Mto Nairobi, halafu Athi, mpaka Sabaki na bahari ya Malindi. Magunia yako yatatembea kukushinda.

Jamaa wa Kisumu
Mama, sisi wa ziwani tumeteswa nalo tangu mwanzo wa miaka ya 90. Tuliletewa hadi mbawakavu wa kulitafuna, na bado upepo ukigeuka boti hazitoki. Samaki wako walikosa hewa. Likifunika maji, limefunika kila kitu.

Tandaza kwenye saruji, juani, mbali na mtaro. Usiliamini likinyauka. Vunja kile kikonyo kilichovimba: ndani ni kama sponji, na kikiwa na unyevu bado lina uhai. Likikauka kabisa, tia kwenye mboji. Lakini yaliyokwisha kuchanua choma. Ua likififia, bua lake huinama likazamisha kichwa majini, mbegu zikamwagikia humo. Kwenye tope zinaweza kulala miaka 20.

Mama Kidimbwi
Uwii! Tope nimeshalimwaga kwenye sukuma wiki.

Jamaa wa Kisumu
Liache hapo hapo, sukuma haina maji ya kulielea. Inua tu tuta upande wa mtaro, mvua isilisombe. Na kidimbwini chungulia kila wiki. Ukiona kijani kidogo kama ukucha, ng'oa siku hiyo hiyo.

Mzee wa Lang'ata
Na samaki waliobaki usiwamwage mtoni kwa huruma. Wale kamba wa Marekani walitiwa Ziwa Naivasha 1970, hawajaondoka.

Mama Kidimbwi
Tuta nimeinua, magunia yako juani kwenye maegesho, mume wangu analalamikia harufu. Jana nimepita kwa yule kijana nimweleze. Amenisikiliza vizuri sana. Bado anauza, sasa ni shilingi 70.