Mjadala: Bata na kuku kwenye ua mmoja mdogo, mtaa upige marufuku?

Mleta mada, Chikongola, Mtwara

Ndugu wafugaji, na nyie majirani wa wafugaji, habari za leo. Naomba tulijadili hili kwa uwazi kabla halijafika mbali. Kwenye mkutano wetu wa mtaa limetolewa pendekezo kwamba, kwa kuwa viwanja vyetu ni vidogo, mwenye kuku asifuge bata na mwenye bata asifuge kuku. Sababu inaeleweka. Kiangazi kilichopita mdondo, ugonjwa wa virusi unaoua kuku, ulipita ukafagia mabanda, bata wakabaki wanatembea kama kawaida, na watu wakahitimisha kwamba bata ndio walioleta. Pendekezo likipita litapelekwa kata, na baadaye halmashauri, ambayo ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo. Tusisubiri lifike huko ndipo tuanze kulalamika.

Mimi nafuga wote wawili na ninalipinga pendekezo hili kwa nguvu zote. Msimamo wangu ni huu: bata na kuku watenganishwe maji na malazi, na kuku wa mtaa mzima wachanjwe siku moja. Kufukuza bata hakutamwokoa kuku hata mmoja asiyechanjwa.

Sikatai kwamba bata anaweza kubeba virusi vya mdondo (wengine tunauita kideri) bila mwenyewe kuugua. Hilo ni kweli, na ndiyo maana kumwona mzima si ushahidi kwamba yuko salama kwa wenzake. Lakini mdondo una njia nyingi za kuingia uani. Unaingia na jogoo uliyemnunua sokoni jioni ukamwachia moja kwa moja kati ya matetea yako. Unaingia na tenga la mchuuzi, na viatu vya mgeni, na utumbo na manyoya ya kuku mgonjwa aliyechinjwa haraka haraka kabla hajafa, kisha mabaki yakatupwa uchochoroni mbwa wakayasambaza. Ondoeni bata wote leo, njia hizo zote zitabaki wazi.

Shida ya kweli ya bata kwenye ua mdogo ni maji, na hapa naomba wafugaji wenzangu tusijitetee ovyo. Mtazameni bata anavyokula. Anachota pumba, anakimbilia kwenye beseni, anazamisha mdomo mpaka juu ya pua, anasuuza, anarusha kichwa, anarudi kwenye pumba. Lazima afanye hivyo, maana asipopata maji ya kina cha kuzamisha pua na macho, vinaziba na kuuma. Baada ya muda mfupi beseni ni uji wa pumba, mchanga na kinyesi, na pembeni yake tope. Kuku anakuja kunywa hapo hapo. Kuku ni ndege wa pakavu. Vimelea vya kuhara damu vinavyotoka kwenye kinyesi cha kuku mwenzake vinahitaji unyevunyevu na joto ili vikomae, na bata amevitengenezea vyote viwili. Kwetu huku mvua zikianza mwishoni mwa mwaka ni mpaka Aprili hivi, ua wenye bata haukauki.

Kwangu wavu umekatiza ua. Kuku wako upande wa juu pamoja na maji yao. Beseni la bata liko upande wa chini juu ya changarawe, na kinachomwagika kinakwenda kwenye migomba. Usiku kila mmoja na tundu lake, kwa sababu kuku anapanda kichanja na bata analala chini. Ukiwachanganya, bata anaogeshwa kinyesi kutoka juu, naye analowanisha sakafu mpaka harufu inawachoma kuku macho.

Karibuni. Wanaounga mkono marufuku, semeni.

Jirani asiyefuga, Majengo, Mtwara

Mleta mada, unasema vizuri kwa sababu una wavu na una migomba. Njoo kwangu. Uzio wa jirani yangu ni miti mitatu iliyolala. Bata wake wanaamkia kwenye baraza langu, wanashinda kwenye mfereji wangu wa maji machafu, na inzi ninao mimi. Nina mjukuu anayetambaa. Nikienda kusema naambiwa "mama, hao ni ndege tu". Mimi sifugi na sili bata. Kwa nini niwe mlinzi wao? Marufuku naiunga mkono, na nitanyoosha mkono.

Mfugaji wa bata, Mikindani

Shikamoo mama. Pole kwa usumbufu, ila huyo jirani yako hata akifuga kuku watupu watakufuata barazani. Uzio ndio hana.

Mleta mada naye simwelewi vizuri. Huku Mikindani bibi zetu wamefuga bata na kuku pamoja na vyote tukala. Nikitaka vifaranga wengi wa bata namtumia kuku kuatamia, maana koo wa kuku ametulia. Hapo kuna hesabu moja, na wengi wanakosea. Yai la kuku linaanguliwa siku ya 21, la bata wetu huyu mwenye uso mwekundu ni siku ya 35. Ukiyaweka pamoja siku moja, vifaranga wa kuku wanatoka, mama anaondoka nao, mayai ya bata yanapoa yakiwa na viumbe ndani. Anza na ya bata, ya kuku yaongeze siku ya 14. Mimi namwekea ya bata peke yake, na siku za mwisho nayanyunyizia maji kidogo.

Halafu bata hao hawapigi kelele, wanakula konokono na mende, na mwewe anafikiri mara mbili akimwona dume. Wavu wa nini? Vifaranga wote nawalisha chakula kimoja, pumba na mashudu ya karanga ninayopata kwa bei nzuri kutoka Masasi, na wanakua.

Mama mfugaji, Newala

Nyie wa pwani mna raha. Huku juu uwandani ndoo ya maji tunaijua thamani yake. Beseni la bata mara mbili kwa siku ni maji ya kupikia ya nyumba. Mimi nafuga kuku tu na sihitaji sheria ya kuniambia. Asiye na maji asifuge bata, yatosha.

Mchanjaji kuku, Mtama, Lindi

Kaka wa Mikindani, hesabu yako ya kuatamia iko sawa kabisa, na hongera. Hapo kwenye mashudu naomba nikusimamishe, hili ni kubwa.

Karanga zilizovunwa vibaya au kuhifadhiwa na unyevu zinaota ukungu, na ukungu huo unatoa sumukuvu. Dunia iliijua sumu hii mwaka 1960 huko Uingereza, walipokufa bata mzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga. Na katika ndege wote wa kufugwa, kifaranga wa bata ni miongoni mwa wanaoumia haraka zaidi. Kiasi ambacho kifaranga wa kuku anakivumilia, wa bata kinamharibu ini na kumuua. Mashudu yakiwa na harufu ya uvundo au yameshikana mabonge, usimpe. Kuchemsha au kuanika juani baadaye hakuiondoi sumu ikishaingia. Kwa hiyo "chakula kimoja kwa wote" ndiyo sehemu hatari ya kufuga pamoja, hata kuliko maji.

Kingine, vifaranga wa bata wanahitaji niasini zaidi ya wa kuku. Ni moja ya vitamini B. Wakila pumba tupu miguu inalegea, wanakaa chini, watu wanasema wamerogwa au wamekanyagwa. Wape dagaa waliosagwa na majani mabichi.

Na dume la bata. Akikosa majike wa kutosha anawapanda kuku. Maumbile yake hayafanani na ya jogoo, na kuku anaumizwa ndani, wengine wanakufa. Mwenye dume moja awe na majike wanne au watano, vinginevyo dume akae peke yake. Kwa hiyo wavu una kazi, kaka.

Kuhusu mdondo namuunga mkono mleta mada, na niongeze sababu ya kiutendaji. Chanjo ya mdondo iitwayo I-2 ni tone moja la jicho kwa kila kuku, mkubwa kwa mdogo, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu hadi minne. Inavumilia joto kuliko chanjo za zamani, ndiyo maana inatufaa huku. Ila kichupa kimoja mara nyingi kina dozi za kuku mia na zaidi, na ukishakifungua hukiweki wiki ijayo. Mama mwenye kuku wanane atanunua kichupa cha kuku mia? Hanunui. Hapo ndipo kinga inapokwama, kwenye kichupa. Kaya kumi na tano zikichanga, gharama kwa kuku mmoja inakuwa ndogo sana. Chanjeni kabla ugonjwa haujaingia, maana kinga inachukua wiki moja hadi mbili kujengeka, na kuku aliyekwisha kuugua tone halimsaidii.

Kijana mfugaji, Mtanda, Lindi

Asante mkubwa. Naomba kuuliza: maranda yamekuwa shida. Naweza kutandaza maganda ya korosho bandani? Yamejaa tele.

Mchanjaji kuku, Mtama, Lindi

Hapana, mdogo wangu. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochoma ngozi, waulize kina mama wanaobangua, waangalie vidole vyao. Kuku watachomeka miguu. Tafuta pumba za mpunga au majani makavu, upande wa bata weka mchanga na uubadilishe mara kwa mara.

Mleta mada, Chikongola, Mtwara

Mchanjaji wetu, ubarikiwe. La chakula na dume nimelichukua, na nitalisema mkutanoni.

Mama wa Majengo, kwako nimesoma mara mbili. Una haki, na pendekezo langu halikukugusa. Nalibadilisha hivi: asiye na uzio unaozuia ndege wake asifuge, awe wa kuku au wa bata. Mwenye wote wawili awe na wavu kati na matundu mawili. Maji ya bata yasitoke nje ya kiwanja chake. Na kila kaya yenye kuku ichangie kichupa, mwenyekiti wa mtaa atangaze siku. Anayekataa kuchangia chanjo ndiye aulizwe, kabla ya mwenye bata. Kwa wajane na wazee wenye kuku wawili watatu, sisi wenye wengi tuwalipie, kwa sababu kuku wao wakiugua ni wetu wanaofuata.

Kwa masharti hayo, mama, mkono bado utaunyoosha?

Jirani asiyefuga, Majengo, Mtwara

Masharti ni mazuri, mwanangu, na la chanjo sina neno. Ila nimeshasikia masharti mengi mtaani hapa. Wavu ukisimama kwa huyu jirani yangu wa nyuma kabla ya mkutano ujao, mkono nitaushusha. Usiposimama nitaunyoosha, na nitamwambia mwenyekiti aje alione baraza langu.

Mfugaji wa bata, Mikindani

Mleta mada, nipe kipimo cha huo wavu wako. Na huyo jirani wa mama, kama tatizo ni miti ya uzio, huku kwetu ipo, aje achukue.