"You'll Never Walk Alone": Je, bendi iliuiba wimbo huu?

Wadau, hili limenikaa kooni tangu Jumamosi. Tulikuwa kibanda umiza, Liverpool wanasubiri kuanza mechi, uwanja wao wa Anfield mzima umeinua skafu na kuimba. Mzee mmoja mpenzi wa muziki wa zamani akasema wimbo ule ni wa wizi: bendi ya roki, Gerry and the Pacemakers, iliutoa kwenye jukwaa la maigizo, ikauvua maana, na leo watu wanadhani ulitungwa kwa ajili ya mpira. Vijana wakamzomea. Mimi sikumzomea, maana nusu ya maneno yake ni kweli tupu.

Muziki ni wa Richard Rodgers, maneno ni ya Oscar Hammerstein. Waliutunga kwa ajili ya Carousel, tamthilia ya nyimbo iliyofunguliwa Broadway, New York, Aprili 1945, vita kuu ya pili ikiwa bado haijaisha. Mle ndani kuna Julie, mwanamke mjamzito. Mumewe, Billy, anajichoma kisu baada ya mpango wa kupora kushindikana. Julie anabaki na maiti ya mumewe, na Nettie, ndugu yake, ndiye anayemwimbia: tembea, usiogope giza, hutatembea peke yako. Kwa hiyo ni wimbo wa kumshika mkono mfiwa. Anayeujua kwa mpira tu, hilo limempita.

Ila hapo kwenye "ikauvua maana" nakataa kabisa.

Gerry and the Pacemakers walikuwa vijana wa Liverpool. Nyimbo zao mbili za kwanza zilikuwa za kuchangamka na zote zilishika namba moja Uingereza. Mwaka 1963 wangeweza kutoa ya tatu ya kuchezeka vilevile. Wakatoa hii, ya taratibu, na George Martin, produsa wa Beatles, akiwa studio. Isikilizeni tena kwa makini: mwimbaji wao, Gerry Marsden, anaanza chini, karibu na kuongea, violini zinapanda nyuma yake, na ile sehemu ya "tembea, tembea" anairudia mara ya pili kwa nguvu zaidi. Hakuna gitaa la kujionyesha wala mbwembwe za ngoma. Huyo ni mtu anayeuheshimu wimbo.

Ukakaa namba moja wiki 4. Anfield walikuwa wakipigiwa nyimbo zinazovuma kabla ya mechi, mashabiki wakiitikia. Uliposhuka kwenye chati, wao hawakuacha kuuimba.

Halafu yakaja maafa ya uwanja wa Hillsborough, Sheffield, 15 Aprili 1989. Mashabiki 97 wa Liverpool walipoteza maisha kwa kubanwa uwanjani. Tangu hapo, kwenye kumbukumbu zao, wafiwa wanaimbiwa wimbo huuhuu. Sasa niambieni, kuna tofauti gani kati ya mama aliyempoteza mwanawe pale na Julie? Hammerstein aliandika kwa ajili ya mtu wa namna hiyo, na bendi ndiyo iliyoufikisha kwake.

Mzee namuunga mkono kwenye jambo moja: watangazaji wetu waache kusema "wimbo wa Liverpool" bila kuwataja Rodgers na Hammerstein. Hata mashabiki wa Celtic ya Uskoti na Borussia Dortmund ya Ujerumani wanauimba. Jina la mtunzi halichukui hata sekunde tano.

Mnaosema bendi iliuharibu, nionyesheni ni wapi hasa: kwenye sauti, kwenye maneno, au kwenye maana?