Naomba ushauri: asiransi (bima) ya minibasi ya kulalia, Lubumbashi

Ndugu zangu, minibasi imetolewa viti vya nyuma, ikawekwa kitanda na jiko la gesi. Ni ya matembezi ya familia tu, mpaka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Muda wa asiransi umeisha, na wakala anaihesabu kama taksi-basi kwa sababu karte roze (kadi ya usajili wa gari) bado inaonyesha viti 15. Inaumiza kweli, maana bei hufuata nguvu ya injini, matumizi na viti. Kadi ya njano ya COMESA, yaani asiransi ya kuvuka mpaka, nayo hulipa madhara ya watu wengine na matibabu ya waliomo garini, si gari lenyewe, tena inategemea asiransi ya hapa iwe hai.

Tuanze na karte roze mpya, au nyongeza ya mkataba inayotaja matumizi binafsi? Na kitanda na jiko viandikwe vipi ili vilipwe gari likiungua?