Dawa imezuia usugu wa pombe kwa panya, au imebadilisha kitu kingine?

sindano20: Wakuu, naomba msaada. Siku ya 1 panya wadogo walichomwa dizosilpini (dawa inayoziba kipokezi cha NMDA) 0.25 mg/kg tumboni, na dakika 30 baadaye ethanoli 3.5 g/kg. Kundi la pili lilipata salini (maji ya chumvi) badala ya dawa. Siku ya 2 wote walipata ethanoli peke yake, kipimo kilekile. Waliotangulia na salini wamelala chali muda mfupi kuliko jana yake. Wa dizosilpini wamekawia kuamka. Je, naweza kuandika kwamba kuziba kipokezi cha NMDA (kinachopokea glutamati kwenye ubongo) kumezuia usugu, yaani mwili kuizoea pombe? Makundi ni hayo mawili tu.

mizani: Bado. Unahitaji makundi manne siku ya 1: salini+salini, salini+ethanoli, dawa+salini, dawa+ethanoli. Siku ya 2 wote wapewe ethanoli. Bila kundi la dawa+salini, huwezi kujua kama mabaki ya dawa ya jana ndiyo yanayowalaza zaidi leo. Dizosilpini yenyewe huyumbisha mwendo na huzidisha ulevi ikikutana na ethanoli, kwa hiyo matokeo ya siku ya 1 yasikushawishi kitu.

La pili, damu. Muda wa kulala peke yake hautoshi. Chukua tone kutoka mkiani mara tu panya anapoweza kujigeuza mara 3 ndani ya sekunde 30. Akiamka huku kiwango cha ethanoli kwenye damu kiko juu kuliko cha panya asiyewahi kunywa, ubongo ndio umezoea. Akiamka mapema lakini kwa kiwango kilekile, ini ndilo linaloichoma haraka. Kemikali inayozuia kimeng'enya cha ini kinachovunja pombe, mfano 4-methilipirazoli, itakupa picha ya "usugu umezuiwa" wakati kilichotokea ni pombe kukaa mwilini muda mrefu tu.

ujazo_na_uzito: Kabla ya yote, hakiki mchanganyiko. Asilimia 20 kwa ujazo ni 0.158 g/ml, kwa sababu ethanoli ina uzito wa 0.789 g kwa ml. Panya wa gramu 25 kwa 3.5 g/kg anahitaji 0.0875 g, yaani takriban 0.55 ml. Ukihesabu kana kwamba ni 0.2 g/ml, utampa 0.44 ml, na kipimo halisi kitashuka hadi 2.8 g/kg. Ukitaka kupandisha kipimo, ongeza ujazo, si ukali. Mchanganyiko mkali hukereketa utando wa tumbo.

Joto la chumba nalo lisibadilike. Ethanoli hushusha joto la mwili, na panya aliyepoa huiondoa polepole.

sindano20: Na kama nikiwapa dawa baada ya usugu kujengeka?

mizani: Hilo ni swali jingine kabisa, na watu wengi hulichanganya. Kujenga usugu, kuutunza na kuuonyesha ni hatua tofauti. Vizuizi vya NMDA hukatiza kujengeka. Ukiwapa waliokwisha zoea, usugu haufutiki hivyo. Vizuizi vya kimeng'enya kinachotengeneza oksidi ya nitriki, kama L-NAME, huangukia upande huohuo. Vasopresini, ambayo ni homoni, ni kinyume: kwa panya huchelewesha kupotea kwa usugu uliokwishapatikana. Kwa hiyo ratiba ya sindano ndiyo inayoamua unajaribu kitu gani.

kizimba: Nyongeza moja inayosahaulika: chumba. Panya anayechomwa pombe mahali palepale kila mara hujifunza mahali hapo, na sehemu ya usugu hufungamana na mazingira. Ukimhamisha siku ya 2, usugu unaweza kupungua bila kemikali yoyote. Tumia chumba kilekile na saa ileile kwa makundi yote manne, na anayepima muda asijue nani alipewa nini. Makundi mapya yaombee kibali cha kamati ya maadili kwanza, maana idadi ya wanyama inaongezeka maradufu.