Ulinganisho: nyota za magazetini, manazili au Kilimia kwa riwaya ya wasichana wawili wanaopendana?

Binti Ilala:
Wenzangu, ninaandika riwaya ya fantasia kwa vijana. Wahusika wakuu ni Mariamu na Laila, wenye umri wa miaka 19, wanaopendana katika mji unaofanana na Dar es Salaam, isipokuwa kwamba huko nyota zina nguvu za kweli na mtu anaweza kuibiwa nyota yake usiku kama anavyoibiwa simu Kariakoo. Nimebakiwa na njia tatu za kujengea nguvu hizo: nyota kumi na mbili kama zinavyochapishwa magazetini, vituo 28 vya mwezi ambavyo wanafalaki huviita manazili, au Kilimia, kile kishada cha nyota, pamoja na mwaka wa mabaharia unaohesabiwa kwa makumi ya siku. Ni ipi inayobeba mapenzi vizuri zaidi? Neno "uchawi" nimeliacha, kwa kuwa kwetu mchawi hajawahi kumtakia mtu heri.

Msomaji wa Sinza:
Nyota za magazetini nisingezigusa. Msomaji atafurahi kumkuta mtu wa Nge au Mashuke mwenzake, lakini kinachofuata kinajulikana: koo kumi na mbili, sare kumi na mbili, na shujaa asiyejua ukoo wake. Ningechagua manazili. Mwezi huzunguka anga kwa siku 27 na saa kama nane, hivyo karibu kila usiku huhamia kituo kingine, na nguvu ya mhusika inaweza kuhama nao. Leo Laila anafungua mlango uliopigwa kufuli, kesho hawezi hata kuwasha mshumaa. Kama vituo vya wapenzi hao vimepishana kwa siku kumi na nne, mmoja atakuwa na nguvu wakati mwenzake amelegea, na itabidi wabebane kwa zamu mwezi mzima. Hayo ni mapenzi yanayoonekana, si ya kusimuliwa tu. Tena kituo cha tatu ni Thuraya, ambayo ndiyo Kilimia chenyewe, kwa hiyo njia zako mbili za mwisho zinakutana hapo.

Mzee wa Magomeni:
Wanangu, mambo ya hao wasichana sitayasemea, ila hesabu ninaijua. Mmesahau njia ya nne, nayo ndiyo iliyotumika majumbani mwetu kabla ya posa. Huchukuliwa jina la mtu na jina la mama yake kwa herufi za Kiarabu, kila herufi ikapewa thamani yake ya abjadi, yaani namba iliyopangiwa herufi hiyo, jumla ikagawanywa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndiyo nyota. Mariamu ni mimu 40, ra 200, ya 10 na mimu 40, jumla 290. Mama yake akiwa Zainabu, ongeza 69, upate 359. Ukigawanya inabaki kumi na moja, nyota ya Dalu, ya upepo. Laila ni 80, na mama yake akiwa Kulthumu, ongeza 596, upate 676. Inabaki nne, Saratani, ya maji. Tarehe ya kuzaliwa haihitajiki, nao wazee wengi hawakuwa nayo.

Mhariri wa Upanga:
Shikamoo mzee, na ahsante, kwa maana umetupa kilichokosekana. Tazameni hesabu hiyo ilivyoingiza majina manne bila kuuliza mahali popote nani ni mwanamume na nani ni mwanamke. Lugha yetu nayo haiulizi: "alimpenda" haimtaji wa kike wala wa kiume. Basi katika riwaya hii anga isiwe ndiyo inayokataza; akatae yule anayesoma hesabu, shangazi au mganga, naye alazimike kusema sababu kwa kinywa chake mwenyewe. Ila usitumie "alimpenda" kumficha msomaji hadi ukurasa wa mwisho. Huo ni ujanja wa kuchosha, na kijana anayejitafuta kitabuni anastahili kujikuta mapema. Kuhusu mahali, ningebuni kisiwa. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kile cha makosa ya kinyume na maumbile, kinafika hadi kifungo cha maisha, na mchapishaji wa hapa ataanza kuogopa kabla hajamaliza sura ya kwanza.

Nahodha wa Kigamboni:
Kilimia ninakipenda, na methali yake ipo: kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Lakini hiyo ni saa ya mkulima na ya baharia, haina pa kuwekea busu. Ninaafiki abjadi. Mganga wako atasema kwamba upepo na maji havikai nyumba moja, na msomaji wa bara atamwamini. Mtu aliyewahi kukaa kwenye ngalawa hapa Kigamboni, tanga likijaa na ndubi, zile mbao za pembeni, zikirusha maji usoni, atajua kwamba bila hivyo viwili chombo hakitoki ufukweni. Mpe Laila baba mvuvi, aseme hivyo mara moja tu, huku akishona tanga, bila kumtazama mtu.

Msomaji wa Sinza:
Nimeshindwa kwa haki, lakini manazili msiyatupe. Abjadi inasema wewe ni nani. Haisemi ni lini. Mwezi ubaki kuwa saa ya hadithi.

Binti Ilala:
Shikamoo mzee wangu wa Magomeni, na ninawashukuru nyote. Ninachukua abjadi kwa nyota za wahusika na manazili kwa usiku wao, na Kilimia kitabaki kwenye wimbo wa wavuvi. Kisiwa ninakikubali, ingawa kitakuwa na daladala. Jana usiku niliwaonea huruma wasichana wangu, nikajaribu kuwatafutia hesabu nyepesi: nilimfuta Kulthumu, nikampa Laila mama mwingine, Salma, mwenye 140. Jumla ikawa 220. Nikagawanya kwa kumi na mbili, ikabaki nne ileile, kwa hiyo nimemrudisha Kulthumu mahali pake.