Mrejesho: kompyuta ya steshenari sasa inawaka

Ndugu zangu, nimerudi na majibu. Niliuliza kuhusu kompyuta ya mezani ya steshenari yangu hapa Ngamiani, Tanga: fundi aliitoa Windows 7 akaweka Windows 10, ikaenda vizuri siku mbili, kisha kila asubuhi skrini ya bluu, eti diski ya kuwakia haifikiki. Wengi mlisema nifomati upya. Nashukuru sikukimbilia huko, mna kazi za wateja za miaka humo.

Aliyeniuliza saa ya kompyuta inasomaje ndiye aliyenifungua macho. Kila asubuhi ilirudi mwaka 2010! Kumbe ile betri ya duara kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta), CR2032, imekufa. Nikifunga duka nazima soketi, BIOS (programu ndogo inayoiwasha kompyuta na kushika mipangilio yake) inasahau kila kitu, na SATA (njia inayounganisha diski) inarudi kwenye mtindo wa zamani, IDE. Windows 7 ilisimikwa juu ya IDE, ndiyo maana haikusumbua. Fundi aliposimika mpya alibadili kuwa AHCI, mtindo mpya zaidi, hivyo SATA ikirudi IDE hiyo Windows 10 inashindwa kuifikia diski. Na zile siku mbili za mwanzo soketi sikuzima, nilikuwa nashusha masasisho usiku kucha.

Nimeweka betri mpya, nikarudisha AHCI na tarehe, nikahifadhi. Leo siku ya tano, inawaka bila shida na faili zote zipo. Nimeshazinakili kwenye diski ya nje.

Kuhusu Windows 10 kukoma kuhudumiwa tangu Oktoba 14, 2025, nalijua hilo. Prosesa yangu haifikii masharti ya Windows 11, kwa hiyo mambo ya benki nafanyia kwingine. Kaka uliyeuliza habari ya saa, Mungu akubariki sana.